Bima ya Toffee

Baba Tamsin, nimewahi basi la Ballarat, zamu yangu ya jioni leo inaanza mapema. Nyama ya kondoo iko kwenye friji. Dawa ya moyo ya Toffee ifiche ndani ya siagi ya karanga, la sivyo ataitema.

Asubuhi niliwapigia watu wa bima ya matibabu ya Toffee. Wamepandisha ada tena. Nikauliza kwa nini, binti wa bima akanijibu, "Mama, mbwa wako amezeeka." Kama vile sijui! Nikamwambia aifute.

~~Kesho nitawaomba wairudishe.~~ Hapana, hatuiwezi.

Tamsin usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Na leo usinitanie.

Toffee ananisubiri mlangoni anisindikize hadi getini, mkia unacheza. Akizidiwa tena, daktari atatuuliza: atibiwe, au achomwe sindano ya mwisho? Naona jibu nimeshalitoa leo kwenye simu.

Mama Tamsin