Niliona Haya Kuitazama Chini Gari ya Mwalim

Bi Mwanakheir, baada ya salamu nakuomba unijibu kabla Sikukuu haijafika, maana mambo yamenifika shingoni na nyumbani kwangu hakuna tena mazungumzo, kuna "chakula tayari" na "mtoto kalala" basi. Mimi ni fundi cherehani hapa mjini, nina mke, Shemsa, na watoto wawili, Tabia wa miaka mitatu na mdogo wake anayenyonya, na mwaka jana tulikubaliana tutafute gari kuukuu iliyo saizi yetu, kwa vile mama mkwe yuko Tunguu na ni mgonjwa, na kwenda kule na watoto kwa gari za abiria ni adhabu. Shemsa aliichagua Morris ndogo ya nesi mmoja wa Mbweni, haina sura, mlango mmoja rangi yake mbali, lakini ikilazwa bandani na yule nesi alituacha tuipekue mpaka tukachoka wenyewe.

Tukiwa bado tunajifikiria, Mwalim Msabah, aliyenisomesha Kurani tangu sijui kujifunga kikoi, akasikia natafuta gari, akaniita akaniambia anauza yake, ile kubwa ya rangi ya maziwa, milango minne, iliyolala miaka yote ukutani kule Shangani, bahari ikichafuka inarushiwa maji ya chumvi. Nisikufiche, niliipenda pale pale, nikajiona nimekaa ndani mtaa mzima unanitazama. Naye Mwalim, Mungu ampe umri, akaniambia kwa kinywa chake, "Ichukue mwanangu, kamwonyeshe fundi, aitazame chini." Nikamjibu, "La hasha, Mwalim, mie nkupekue wewe? Neno lako lanitosha." Niliona haya kuinama mbele yake, nikaona kuitazama chini gari yake ni sawa na kumwambia simwamini, nikampa mkono nikaondoka nayo, na Shemsa nikamwambia imeshanunuliwa.

Basi mwezi uliopita tunarudi Tunguu, gari ikaingia shimoni, nikasikia Tabia anapiga ukelele, nikafunga breki, kugeuka mguu wake umezama sakafuni mpaka gotini, bati lote la nyuma limeliwa na kutu na chini yake naiona barabara. Alichunika tu, alhamdulillahi, kiatu ndicho kilichopotea, lakini nilipoinua zulia nikakuta ubao wa sanduku la chai umetegeshwa pale na umeteleza. Nikauliza nani kauweka. Shemsa akasema, "Mimi. Nshajua zamani. Kila safari nnaukanyaga mwenyewe usiondoke, leo nlinyanyua mguu nimnyonyeshe mtoto. Nngekwambia ungefanya nini? Ungekwenda kwa Mwalim?" Tangu siku hiyo hapandi tena, na mimi kila nikipita barazani kwa Mwalim huniuliza gari ikoje, nami humjibu haina neno.

Sasa yuko Machano, kijana niliyemfundisha kushona, ana duka lake Mkokotoni na mkewe ni mjamzito, ameiona gari kaipenda, na baada ya Sikukuu anakuja kuichukua. Nilimwambia, kwa sauti ndogo, aje na fundi wa magari. Akacheka, "Nimekula na kulala kwako, leo nkutilie shaka?" Nikisema kweli Mwalim ataaibika na mimi nitabaki na gari isiyouzika, na nikinyamaza usingizi siupati. Nifanyeje?

Fundi cherehani, Mkunazini

BI MWANAKHEIR ANAJIBU

Pole, fundi, na Tabia mpe pole yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakasirika.

Mwalim wako hakukudanganya. Alikwambia kaitazame chini, ukakataa, halafu ukaliita hilo adabu. Tangu lini kumheshimu mwalimu ni kukataa anachokuagiza? Ulikuwa umeshaipenda ile rangi ya maziwa na hukutaka kujua, heshima umeisingizia tu. Na kinachonisikitisha mimi si kutu. Ni huyo Shemsa, safari baada ya safari amekaa nyuma kakanyaga ubao, mtoto kifuani, mwingine ubavuni, na wewe mbele umeshika usukani unapokea salamu. Alikustahi akakunyamazia, na ilibaki kidogo mtoto alipie.

Gari hiyo isibebe mtu tena. Injini, matairi na milango wauzie wenye gereji, spea zimekuwa adimu na wanunuzi hutawakosa, na ukipata hasara imeze. Kwa Mwalim nenda peke yako, usidai kitu, mwambie tu kwamba ulikuwa ukimjibu uongo. Atahuzunika, lakini ni mtu mzima, ataweza. Kisha mwombe Shemsa radhi, bila ya kujieleza sana.

Ile Morris kama bado iko Mbweni, ifuateni. Kama imekwenda, tafuteni iliyolazwa mbali na bahari, muinyanyue kwa jeki, uingie chini wewe mwenyewe na bisibisi uchokoe bati, zulia mlitoe lote, hata muuzaji akiwa babako mzazi. Shemsa akae siti ya nyuma, na akisema hapana, mrudi nyumbani.

Na Machano usimngojee mpaka Sikukuu ipite. Panda basi uende Mkokotoni ukamwambie mbele ya mkewe. Yeye anakustahi kwa sababu ulimfundisha kazi. Mkewe hukumfundisha kitu, hakudai wala humdai, na siti ya nyuma angekaa yeye na mtoto mchanga, bila ya hata ubao.