Hatamu ya Mikono Miwili

Chuno, Mtwara

Wifi yangu Somoe,

Salamu nyingi. Huku mvua zimeanza, na punda wetu hajambo. Tangu kaka yako apooze mkono wa kushoto, amekuwa akinifundisha kusuka hatamu za ngozi. Yeye anashika kwa mkono wa kulia, mimi ndio mkono wake wa kushoto. Mwanzoni alinigombeza, "Vuta, mke wangu! Ikikauka imelegea itamchubua punda." Tukacheka.

Jumanne, tukiwa katikati ya kusuka, aliiachia ngozi. Akasema, "Sasa unajua. Malizia mwenyewe."

Nikamwambia bado sijajua. Nilimdanganya, wifi, ili asiiache kazi; naweza.

Tangu siku hiyo hataki chakula, amegeukia ukutani. Yeye hajasema uitwe, lakini mimi nakuita.

Wifi yako,
Asumini