Glavu Nene

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kula udongo? Sisi tunaendelea, ila usishangae mwandiko huu wa kuku: naandika kwa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada cha kulia kimevunjika, na nakueleza wewe kwa sababu ndiwe pekee unayekijua kiti ninachokalia.

Ulipoondoka, mama aliniambia nikikalie kwa muda tu, mpaka apatikane fundi saa mwingine. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Tunakaa goti kwa goti, yeye akipokea wateja, mimi na lenzi jichoni nikisaka skrubu ndogo kuliko chawa. Nikisimama kunyoosha mgongo huniuliza naenda wapi. Niende wapi, kaka? Choo kiko hatua nne.

Mwaka jana fundi bomba mmoja alileta saa yake, akaniambia kila Jumamosi anafundisha upanga kwenye ukumbi wa shule. Alisema si mambo ya sinema. Wanafuata michoro ya kitabu cha kale, upanga mrefu wa mikono miwili, chuma butu. Nilicheka, kisha nikaenda. Kila mkao una jina. Upo wa paa la nyumba, upanga juu ya bega. Wa ng'ombe, ncha ikimtazama mwenzio usoni. Na wa mpumbavu, ncha chini, unajifanya umezubaa ili mwenzio aingie. Huo niliushika siku ya kwanza, na usinicheke. Kilichonikamata ni hatua. Ukikata, lazima mguu uende. Ukiusahau, unarudi mwanzo. Kwa saa mbili kwa wiki nilikuwa mtu anayekwenda mahali.

Sharti lao ni moja: aliyepigwa ndiye husema. Hakuna mwamuzi. Unainua mkono na kutaja ulipopigwa, hata kama hakuna aliyeona.

Mwezi uliopita mama aliwatangazia wateja kwamba ameagiza kibao kipya cha duka, chenye jina langu. Alifurahi mpaka akalia. Nilimshukuru, nikaenda kujifungia chooni. Jumamosi hiyo fundi bomba alinipiga mkononi, pigo la kawaida kabisa, kidole kikavunjika. Nilikuwa nimevaa glavu nyembamba. Niliwaambia wote kwamba zile nene za kujikinga nimezisahau nyumbani.

Sasa mama hataki hata kumsikia fundi bomba, na fundi mwenyewe anajilaumu kwa kuniruhusu nipigane na glavu nyembamba, amefunga darasa. Na kiti hakikubaki wazi, kaka. Mama amekikalia mwenyewe, na macho yale unayoyajua. Jana alitafuta springi moja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ilikuwa imenasa kwenye sweta yake. Nilipotaka kumsaidia alinikataza, akasema nikitunze kidole, kipone vizuri, kazi inaningoja.

Glavu nene zilikuwa kwenye begi langu. Niliziona nilipotoa barakoa ya waya ya kukinga uso, nikazisukuma chini ya taulo, nikafunga zipu. Na pigo nililiona likija, nikauacha mkono palepale. Wewe ulitoka kwa mlango, mchana kweupe, mama akikulilia. Mimi sikuwa na ubavu huo, nikataka kidole kinitoe. Naona aibu, kaka, na bado niko ndani.

Sikuombi urudi. Daktari atafungua bandeji Alhamisi. Kabla ya hapo nitamwita fundi bomba aje dukani, niinue mkono mbele yake na mbele ya mama, niseme nilipopigwa na kwa nini. Habari ya kiti sijui kama nitaiweza siku hiyohiyo.

Wabusu shemeji na watoto kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu sana. Ameniuliza naandika nini kirefu hivi, nikamjibu ni salamu tu, akasogea kidogo kwenye kiti ili nipate pa kukaa.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwachia kiti.