Betri za Njano, Betri za Kijani

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi nimekunja waya, kama kila siku. Kiwiko, kiganja, kiwiko, kiganja. Waya wetu wa umeme, mrefu, mweusi, viraka vya tepu kila mahali. Mume wangu, Baba Asha, akafunga msumeno na drili kwenye kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi, tukatoka karakana kwetu Manzese kwenda Boko. Kazi ya makabati ya jikoni, kwa mama mmoja anayemalizia nyumba. Umeme hajavuta bado. Tulikuwa tunategemea jenereta yetu.

Imekohoa, imetoa moshi, imenyamaza. Imekufa kabisa. Baba Asha ameipiga teke, halafu akainama kuangalia kama ameiumiza. Tumerudi na mbao zote bila kukata hata moja.

Njiani amesema sasa basi, tununue vifaa vya betri. Nimesema sawa. Nilikuwa na njaa.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Luoga, jirani yetu wa karakana, anavyo vya betri tangu mwaka jana. Rangi ya njano. Leo amempa Baba Asha ajaribu drili. Mume wangu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mjukuu. Ametoboa ubao. Ametoboa na mwingine ambao haukuhitaji kutobolewa.

Luoga akatueleza. Kampuni ziko nyingi, kila moja na rangi yake, na betri ya rangi hii haiingii kwenye kifaa cha rangi ile. Ukianza na njano utanunua njano mpaka uzeeke. Bora na sisi tuchukue njano, tutaazimana betri. Maneno ya maana. Kisha akanigeukia.

"Mama Waya, unastaafu sasa!"

Karakana nzima imecheka. Na mimi nimecheka. Nimefika nyumbani Tabata, nimevua viatu, ndipo nimechukia.

Jumatano, 6 Agosti

Pale Manzese jina langu halijulikani. Ni Mama Waya tu. Tulipoanza hatukuwa na umeme wetu. Tulivuta kwa Bi Tatu, nyumba ya nyuma. Waya unatoka dirishani kwake, unavuka uchochoro, unaingia kwetu. Baba Asha anakata, mimi nautunza waya. Nauinua usilowe, nausogeza msumeno usiukate, nafukuza kuku wa watu. Shangazi yangu alikuja kutoka Masasi, akatutazama siku nzima, akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo umeletwa mjini kuchunga kamba?" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa mwembamba pia.

Na umeme ukikatika. Hiyo ndiyo naikumbuka kuliko yote. Enzi zile ulikuwa unakatika mchana mzima. Tunakaa juu ya mbao, tunakula mihogo ya kuchoma na pilipili, tunaongea. Karibu yote ninayoyajua kuhusu mume wangu nimeyajua umeme ukiwa umekatika. Kwamba shule alikuwa anaiogopa. Kwamba baba yake alichonga vinyago na hakutaka mwanawe achonge. Kwamba kabla yangu alimpenda mtu anaitwa Sharifa, na hadi leo nikitaka kumchokoza namtaja. Umeme ukirudi tulikuwa tunasikitika kidogo. Kila mmoja alichelewa kuinuka.

Leo umekatika saa nne asubuhi. Baba Asha amesema, "Unaona? Tungekuwa na betri sa' hizi tunaendelea." Ameenda kwa Luoga kutazama ile drili. Mihogo nimekula peke yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kariakoo. Tumezunguka maduka mpaka miguu imevimba. Duka la mwisho kuna muuzaji mwenye mdomo. Anaongea na Baba Asha tu, mimi hanioni.

"Mzee, betri ni ndoa. Ukishaoa njano, umeoa njano."

Nimemwambia mke wake ni mimi na nimesimama hapa. Akasema shikamoo mama. Marahaba ilinitoka kwa shida.

Njano ina drili, grinda, msumeno, betri mbili na chaja, vyote kwenye boksi moja. Vizito, vina nguvu. Kijani bei ni hiyohiyo, ila grinda haimo, na msumeno wake ni mpole kidogo. Baba Asha hakuutazama mara mbili. Nikaomba nishike drili ya njano. Mkono ukashuka nayo. Kidole kinafika kwenye kitufe kwa kujivuta. Muuzaji akanipa ya kijani. Fupi, nyepesi, na betri yake ni ileile ya msumeno wa kijani. Imekaa mkononi. Nimebonyeza, imezunguka. Sikutaka kuirudisha.

Baba Asha akacheka. "Ya nini hiyo, Mama Asha? Wewe utakuwa umepumzika nyumbani."

Amesema kwa upole kabisa. Angesema kwa ukali ningemjibu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Luoga amefunga karakana, amemwazima Baba Asha vifaa vyake vyote vya njano. Mume wangu ameenda Boko peke yake. Jana nilimsikia akiongea na mwenye nyumba kwenye simu. "Nakuja mwenyewe tu, mama. Kwa vifaa hivi hatuhitaji msaidizi."

Msaidizi!

Nimefagia. Nimepika maharage ya nazi. Nimefagia tena. Binti yangu Asha amepiga simu kutoka Mwanza, akasikia hakuna kelele za misumeno, akauliza, mama mbona uko nyumbani, unaumwa? Nimesema naumwa kidogo.

Amerudi jioni, nyusi zimejaa vumbi, anapiga mluzi. Kazi imeendaje? Vizuri. Mwenye nyumba alikuwepo? Alikuwepo. Amesema nini? Hamna kitu. Amekula, amelala.

Miaka yote hii sijawahi kumuuliza siku yake imekwendaje. Nilikuwepo. Leo ana siku nzima ambayo mimi siijui, na hata haoni kuna cha kusimulia. Nimeosha vyombo kwa kelele ili aamke. Hakuamka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nina hasira. Siongei. Chai nimeiweka mezani bila kusema karibu. Ameinywa.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimesema. Sikupanga. Alikuwa anakata kucha pale mlangoni, akasema kesho kutwa anakwenda Kariakoo kulipia njano. Nikamwambia kama ananifukuza kazi, anifukuze kama watu wanavyofukuzwa, asijifiche nyuma ya betri za Luoga.

Ameshangaa. Kweli ameshangaa, huyu hajui kuigiza. Kucha amesahau.

Akaanza habari ya mvua. Ile masika nikiwa na tumbo la Asha, waya ulilowa uchochoroni, nikapigwa shoti, nikarushwa. Mimi siku ile naikumbuka vizuri. Niliamka nacheka. Bi Tatu alinifunika khanga yake nzuri. Baba Asha alikimbia akarudi na soda ya baridi, akanishikia chupa nikanywa, watu wanatazama. Hajawahi kunishikia chupa tena tangu siku hiyo. Kwangu ni siku tamu. Nikiwa na huzuni naikumbuka hiyo.

Kumbe yeye anakumbuka mkewe mjamzito kwenye tope.

"Kila ukikunja ule waya mie naona aibu," amesema. "Nilikuwaga najiambia, nikipata hela kitu cha kwanza nakutoa hapo. Watu wakikuita Mama Waya naumia. Nadhani na wewe unaumia."

Naumia! Mimi nilikuwa najivunia. Nimemwambia hivyo, nimelia, nimemwambia mambo mengine ambayo siyaandiki. Nimemwambia sitaki kupumzika, sijachoka. Waya hata ukienda, mimi sitaki kwenda nao. Nataka kazi. Siku ipite nikiwa ndani yake.

Amezitazama kucha zake, za mkono mmoja zimekatwa na za mwingine bado. Kisha akauliza, "Ile drili ndogo ilikuwa ya rangi gani?"

Anajua ilikuwa ya rangi gani. Hata hivyo nimemjibu.

Jumanne, 12 Agosti

Kijani. Tumeshalipa.

Si uamuzi wa akili sana, nakubali. Grinda hatuna, tutaendelea na ile ya zamani pale karakana. Betri za kuazima kwa Luoga ndiyo basi tena. Luoga amenuna. Amemwambia Baba Asha katawaliwa na mwanamke. Baba Asha amejibu, ndiyo, siku nyingi tu, ulikuwa hujui? Muuzaji wa Kariakoo safari hii boksi alinikabidhi mimi.

Nimefurahi, na nimesikitika pia. Sifichi. Umeme utakatika, na sisi tutaendelea kukata mbao. Hakuna atakayekaa. Ile karakana ya enzi zile, na Bi Tatu dirishani akiuliza kama tumemaliza apige pasi, haipo. Bi Tatu mwenyewe hayupo. Ningekuwa na uwezo ningerudi kwa mchana mmoja tu, niketi juu ya mbao, nisikilize kuhusu huyo Sharifa tena.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimejifunza siku mbili mfululizo. Skrubu nimeharibu nyingi, vichwa vimelika. Ubao mmoja nimeutoboa ukatokea upande wa pili. Baba Asha anasimama pembeni akijing'ata mdomo. Nimemfukuza akanunue chai. Aliporudi nilikuwa nimefunga bawaba moja, imenyooka. Ameufungua mlango, ameufunga, ameufungua. Amenimiminia chai yeye.

Kiganja kinauma. Naringa.

Jumamosi, 16 Agosti

Boko. Upepo mzuri, madirisha hayana vioo bado. Sakafu iko wazi, haina waya, tunapita tu bila kuruka kitu. Mwanzoni miguu yangu ilikuwa inaruka yenyewe.

Baba Asha amekata mbao za rafu, mimi nimefunga bawaba. Tumeongea kidogo, zaidi habari za Asha, kama atakuja Desemba. Kabati la chini ya sinki ni finyu, mabega yake yamegoma kuingia. Nimeingia mimi, chali, miguu nje, drili kifuani. Ndani kunanukia mbao mpya.

Mchana mwenye nyumba amekuja na dada yake kutazama kazi. Amesimama mlangoni, ameuliza fundi yuko wapi, ana swali la droo. Baba Asha alikuwa amepiga magoti, anaangalia usawa kwa pima maji. Hakuinua kichwa.

"Yupi?" akauliza.

Skrubu ya mwisho nilikuwa nimeshaikaza. Nimekaa humo ndani kidogo, ndipo nikatoka.