Sentimita Nne za Taa

Nyumbani kwa Mama, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 14 Juni

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Sisi tuko salama, ila magoti ya Mama sasa yamegoma kabisa kupanda ngazi za basi.

Asante kwa gari ulilomtumia. Nimechelewa mwezi mzima kukushukuru, na sababu yenyewe inanifanya nione haya hata kushika kalamu.

Gari halijatoka bandarini, na halitatoka. Kwenye simu nilikuambia ni mambo ya makaratasi. Nilikudanganya. Limekataliwa kwa sababu taa zake za mbele, zikipimwa kutoka ardhini, ziko chini ya kipimo cha sheria kwa sentimita nne, na kipimo hicho nilikibuni mimi.

Unakumbuka nilivyokupigia mwaka jana nikijisifu kwamba nimepandishwa cheo? Nilipandishwa kwa ajili hiyo. Magari ya kiwanda chetu cha hapa nchini yalikuwa hayanunuliki, na wakubwa wa ofisi yetu ya viwango walitaka ya nje yapungue bila kuyapiga marufuku waziwazi. Mkutanoni kila mtu alikuna kichwa. Mimi, kwa kimbelembele changu unachokijua, nikachukua futi, nikashuka uwanjani kupima taa za magari yaliyoegeshwa, nikarudi na kipimo kinachofikiwa na gari la kiwanda chetu peke yake. Walinipigia makofi, dada. Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Lako lilipofika, mkaguzi aliniletea fomu mezani. Niliona jina lako na chini yake jina la Mama. Bosi alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha chai. Nikaufyata, nikagonga muhuri.

Na hilo lina afadhali. Shangazi alipouliza mbona gari haliji, nilimjibu labda ulinunua bovu. Akakusema siku nzima, eti umewatumia watu wa kwenu takataka. Mimi nilikuwa nakula hapo hapo, nikaendelea kutafuna. Sijui uso wangu nitauficha wapi.

Mama siku za kliniki anainuliwa na kondakta, mikono kwapani, abiria wakitazama. Akiketi ananiambia, "Usijali, gari la mwanangu liko njiani."

Shangazi nimeshamwambia ukweli. Amesema nikufikishie samahani yake. Yangu hakutaka hata kuisikia. Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde na akuzidishie moyo huo wako wa kutoa, nami anisamehe.

Nilipofika hapa katika kuandika, nilikwenda kumsomea Mama barua yote. Nilitegemea angenigombeza, na kwa kweli ningepata nafuu. Alisugua goti lake. Kisha akauliza, "Na hayo mengine uliyoyarudisha, yalikuwa yanakwenda kwa mama za nani?"

Namalizia barua hii, dada, nikiwa nimeketi kando yake.

Ni mimi nduguyo nikupendaye kwa dhati,
Kitindamimba wenu