Koti la Mtunza Mbwa

Mwanangu Lachlan,

Mimi mzima, ila roho haitulii. Ukungu umefika mlangoni, na mbwa wanaimba bandani kana kwamba wanaota. Tangu uende vitani nawalisha mimi, nikivaa koti lako ili wanitii.

Juzi msimamizi wa shamba, Bwana Geddes, alileta mtunza mbwa mpya. "Mama Lachlan, wakimkubali, nyumba hii ya mtunza mbwa ni yake." Mgeni akapiga mluzi, hakutoka hata mmoja. Nikamcheka, "Labda uwabembeleze!"

Leo nimemkuta tena pale bandani, anatetemeka, mkewe mjamzito amesimama kwenye mvua. Mwanangu, nimemvika koti lako. Mbwa wote wamemfuata.

Ukirudi, nitafute kwa shangazi yako Effie. Wewe rudi tu, koti nitakushonea.

Mama yako