Kano za Kila Mwezi

Lipangalala, Ifakara
Tarehe 5 Juni

Kaka yangu Ndaki,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Namawala, wewe na wifi Stumai, watoto na ng'ombe, maana najua nikiwasahau ng'ombe utanuna. Mimi naendelea na kazi. Isome mwenyewe, kimya kimya, kabla wifi hajaomba kusomewa. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mbali.

Kwanza kano. Kila mwezi unampa Lukelo wa bodaboda kano za miguu ya nyuma ya ng'ombe aniletee, kisha unaniuliza supu ilikuwaje, nami nasema ilikuwa nzito. Kaka, sijawahi kuzipika hata siku moja. Nazipeleka maabara. Tunazisafisha, tunaziloweka kwenye asidi siku kadhaa mpaka ziyeyuke, na zikipata joto zinaganda kama uji wa mchele uliolala. Ndani yake tunapanda seli za saratani.

Najua utauliza kwa nini mtu apande ugonjwa. Bosi wangu, dada Herieth, hueleza kwamba seli zikikaa juu ya plastiki zinajilaza tu, dawa inaziua upesi, na watu wanashangilia bure. Mwilini zimezungukwa na nyama na nyuzi. Kwa hiyo tunazijengea kipande cha mwili, tuone zinavyoishi kweli. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa ungekataa ng'ombe wako kuingizwa kwenye mambo ya hospitali.

Mwezi uliopita tulijaribu dawa moja kwenye seli za sampuli namba 41, kipande cha uvimbe wa mgonjwa kutoka hospitali. Juu ya plastiki zilikufa karibu zote. Ndani ya kano zako zaidi ya nusu zilibaki hai, zikitambaa kufuata nyuzi. Herieth alifurahi, akasema hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Mimi ndiye niliyezihesabu, mara tatu, na jibu halikubadilika.

Sampuli huja bila majina. Lakini namba 41 ilikatwa kwenye titi la kushoto la mwanamke mmoja, siku ambayo hakukatwa mwingine, na kiboksi kilipofika maabara nilikipokea mimi, kidonda kikiwa bado kibichi chini ya blauzi yangu. Nilikuwa nimesaini hospitali kwamba kipande changu kitumike kwenye utafiti. Nilitakiwa kusema, nimpishe mtu mwingine. Nikanyamaza wiki tano, nikijilisha mwenyewe kwa pipeti, kimrija cha kudondoshea, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kuuzoea ugonjwa wangu.

Ijumaa nilimwambia Herieth. Hakunifokea. Alinitoa kwenye kazi ile, akanisindikiza kwa daktari. Daktari amesema mambo ya maabara ni ya kesho, mimi nahitaji kukatwa sasa. Tarehe 18 nitaondolewa titi. Wanataka ndugu awepo, wa kusaini na wa kutoa damu ikihitajika. Naogopa, kaka.

Najua wiki hiyo unashusha ng'ombe kuelekea malisho ya Mofu, maji ya mafuriko yakishapungua. Mwachie jirani yako Jeremia siku chache. Mama usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe nikishatoka.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wifi umwambie vitenge alivyoniagiza nimeviona. Safari hii usimpe Lukelo kitu. Njoo wewe.

Mdogo wako,
Kabula